Mkunjo Mdomoni mwa Baba

Nimepitia programu tano za kusafishia picha, na nne kati ya hizo nilizitukana kabla sijazizoea. Mimi si mtu wa subira. Nikikaa mbele ya kioo cha kompyuta, hata jirani anajua kama kazi inakwenda au imegoma, maana nikikwama nazungumza na mashine kwa sauti, kwa Kiswahili cha Karagwe, Tanzania, nilikokulia. Mume wangu alikulia Uganda, Kiswahili amekiokota ukubwani, nusu ya matusi yangu hayaelewi. Anakaa pembeni anacheka.

"Hiyo kompyuta iko inakufanyia nini?"

"Inanichezea!"

"Basi zima, tukunywe chai."

Hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu duniani, kuzima na kunywa chai, na kusema kweli mara nyingi limenisaidia.

Nina studio Kabeza, hapa Kigali, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Ni chumba kimoja chenye pazia jeupe kwa watu wa pasipoti na pazia la kijivu kwa watu wanaotaka kupendeza. Jumamosi na Jumapili napiga harusi. Mume wangu ni seremala Gisozi, kule kwenye karakana za Agakiriro. Anatengeneza vitanda na makabati, na mbao zinazobaki anazigeuza fremu za picha zangu. Mimi nampa vipimo, yeye anasema nimekosea, mimi nasema yeye ndiye kakosea, tunapima tena. Tumegombana juu ya vipimo zaidi kuliko juu ya kitu kingine chochote katika ndoa yetu, na fremu zake ni nzuri kupita zote ninazozijua Kigali, ingawa sijawahi kumwambia hivyo mbele ya wateja.

Nyumba yetu iko nyuma ya studio, na humo yumo mama yangu. Alihamia kwetu miguu ilipoanza kumsumbua. Asubuhi anapenda kuwekewa kigoda mlangoni mwa studio awaone wateja wanavyojipangusa uso na kunyoosha kola. Ni mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kuonewa huruma. Ana neno moja alilonizoesha tangu mtoto: "Hebu cheka nikuone." Nimetoka shule nimefaulu, cheka nikuone. Nimetoka shule nimechapwa, pia cheka nikuone. Nikichekea mdomoni kwa aibu anakataa. "Cheka vizuri," anasema, mpaka meno yaonekane, ndipo ananiachia niende nikale. Nilidhani ndivyo mama wote walivyo.

Halafu akaanza kusahau. Kwanza ilikuwa chumvi, mboga zikatiwa chumvi mara mbili. Kisha akamwita mume wangu kwa jina la kaka yake yeye mwenyewe, aliyekufa zamani. Tukampeleka kwa daktari, daktari akazungumza naye kwa upole, akamuuliza ni siku gani leo, mama akamjibu kwamba daktari mzima hawezi kukosa kalenda. Tulicheka wote watatu. Kisha daktari akanivuta pembeni akaniambia kusahau huku kutaendelea, polepole, na hakuna anayeweza kusema kwa kasi gani.

Hazikupita wiki mbili mama akaja studio asubuhi, mimi peke yangu nikifagia. Akafungua pindo la kanga yake. Humo ndani tangu nipate akili hukaa picha ya baba, ndogo, nyeusi na nyeupe, imekunjwa mara moja katikati. Akaiweka juu ya meza yangu akailaza kwa kiganja.

"Nimeanza kumsahau baba yako," akasema. "Koti naliona. Mabega nayaona. Uso unakimbia. Wewe kila siku unawatengeneza watu wa watu. Nitengenezee na wa kwangu, nimwone vizuri kabla hajaniponyoka kabisa."

Nilijibu, "Sawa mama," kwa sauti ya mtu wa kazi, kisha nikageuka nikafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Baba alifariki nikiwa na miaka mitatu, kwa homa iliyomshika wiki moja tu. Tulikuwa bado Karagwe. Picha hiyo ndiyo pekee aliyowahi kupigwa, na mama aliibeba kwenye pindo la kanga alipokuwa analima, alipokuwa anateka maji, na siku tuliporudi kwetu Rwanda juu ya lori na magunia. Amevaa koti ambalo si lake. Studio za zamani zilikuwa na koti la kuazima limetundikwa msumarini, kila mwanamume wa wilaya alipigiwa picha na koti hilo moja. Macho yamebanwa, mashavu yamepanda, unajua kwamba anacheka. Lakini mkunjo umepita palepale mdomoni. Miaka ya kukunjwa na kukunjuliwa imeubandua wino, kati ya pua na kidevu umebaki mstari mweupe mpana, na baba yangu ni macho yanayocheka juu ya kitu kisichoonekana. Ndivyo nilivyomjua maisha yangu yote.

Basi nikaanza kutafuta programu ya kumrudishia mdomo. Wakati huo nilizijua nne na nilijiona bingwa.

Ya kwanza ni ile ya harusi. Naipenda na naiheshimu. Unaimwagia picha mia nane za siku moja, inazipanga, unarekebisha mwanga wa moja na nyingine zinafuata. Bila hiyo ningekuwa nimeshaacha kazi. Ila shida yake ni kwamba inajua mwanga na rangi tu. Picha yenye tundu inakuletea tundu lile lile likiwa limeng'aa zaidi. Ni sawa na kuwa na pasi nzuri wakati nguo imechanika.

Ya pili iko kwenye simu, na hiyo sitaki hata kuizungumzia sana. Inadhani sisi sote tumekaa gizani. Ikiona uso tu inawasha taa. Mama mmoja wa kwaya, mweusi wa kupendeza, niliwahi kumpitisha humo akatoka na rangi ya unga wa mandazi, na kwaya nzima ikaja kunitazama.

Ya tatu ilikuwa ile kubwa inayosifiwa na kila mtu, ya kulipia kila mwezi, wakanipa siku saba za kujaribu. Kweli ina kila kitu. Lakini kompyuta yangu niliinunua Nyabugogo ikiwa imeshatumiwa na watu wawili kabla yangu, na ilipoona ukubwa wa mgeni huyo feni ikaanza kuunguruma hadi mteja akauliza kama ni jenereta. Picha ya baba ikafunguka nusu, koti na mabega, ikaganda hapo. Siku saba zikaisha nikiwa nimemwona baba mpaka shingoni.

Ya nne nilikuwa siihesabu. Ni ya bure, ya zamani, niliikuta ndani ya kompyuta hiyohiyo niliponunua. Sura yake ya kijivu, vitufe vyake vidogo vidogo havina hata adabu ya kujieleza. Nilikuwa naitumia kukatia picha za pasipoti basi. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haikusaidii kitu chochote. Usipoiambia ifanye nini, na wapi, na kwa kiasi gani, inakutazama tu. Nilipoifikiria kwa ajili ya baba nilicheka.

Ndipo ikaja ya tano. Kundi letu la wapiga picha kwenye simu lilikuwa halina habari nyingine mwezi huo. Ina akili mnemba, wakasema. Aliyefumba macho inamfumbua. Jasho inafuta, chunusi inafuta, kitambaa kilichojikunja inanyoosha, kitufe kimoja kwa harusi nzima. Na ina kitufe kingine kwa ajili ya picha kuukuu zilizochakaa. Niliinunua siku hiyohiyo. Nikaiweka picha ya baba kwenye skana, nikaifuta vumbi kwa pamba, nikabonyeza.

Haikuchukua muda wa kumimina kikombe cha chai. Mkunjo ukayeyuka, na baba yangu akanitazama akiwa mzima. Ana mdomo. Ana meno. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mzuri ajabu, anacheka na mimi. Jamani, nililia. Nililia kwa sauti huku mteja wa pasipoti ameketi mbele ya pazia jeupe, shingo kainyoosha, hajui kama aendelee kuinyoosha au aje anishike.

Mume wangu aliposikia akatengeneza fremu kwa mbao nyekundu ngumu ambayo alikuwa ameificha kwa ajili ya kabati la tajiri mmoja. Vipimo havikutugombanisha, kwa mara ya kwanza.

Jumapili tulipotoka kanisani tukamkalisha mama kwenye kiti chake, nikampa. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Akaitazama muda mrefu. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele yake kama mtoto anayesubiri kusifiwa, maana ndicho nilichokuwa.

"Kijana mzuri," akasema. "Wa nani?"

"Mama. Ni baba."

"Baba wa nani?"

"Baba yangu. Mume wako."

Akaniangalia. Kisha akazungumza kwa adabu, adabu anayoiweka kwa ajili ya wageni. "Hapana mwanangu. Huyu simjui. Mrudishie mwenyewe, kwao wasije wakamtafuta." Kisha akaomba picha yake. Nikampa ile ndogo, akaikunja, akaifunga kwenye pindo.

Nilitoka uani. Mume wangu akanifuata.

"Tumechelewa," nikamwambia. "Ameshamsahau."

"Ama labda ni picha iko na shida."

"Picha haina shida! Nimeitengeneza mimi!"

Nilimfokea maskini wa Mungu. Akaenda akachukua fremu, akaipeleka studio, akaiegemeza nyuma ya pazia la kijivu, uso umeelekea ukutani. Mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Kilichofuata kinaniumiza kukisimulia. Nilianza kumtendea mama kama mtu aliyekwisha kwenda. Nilimsemesha kwa sauti kubwa, taratibu, neno moja moja, kama anavyosemeshwa mtoto au mzungu. Akiniambia cheka nikuone, nilikuwa naachia tabasamu fupi na kupita, kwa sababu nilikuwa na hasira, si naye, na hasira isiyo na mwenyewe humwangukia aliye karibu. Mama hakulalamika. Alikuwa ananitazama tu nikipita.

Kisha ikaja harusi moja. Kabla ya kanisa kwetu kuna siku ya kuomba mchumba: familia mbili zinakaa chini ya mahema, zinatazamana, kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao wanataniana hadi watu wanashika mbavu. Msemaji wa bwana harusi alisimama akasema wao hawakuja kwa sababu ya ng'ombe wala kwa sababu ya undugu. Walisikia kwamba katika nyumba hii kuna inyinya ambayo haina mfano, wakaona waje waione kwa macho yao. Inyinya ni ule mwanya wa meno mawili ya mbele, na hapa Rwanda ni uzuri wa kupigiwa makofi. Hema zima likapiga makofi. Msichana akatoka na shangazi zake, kavaa mshanana, lile vazi letu la sherehe linalofungwa begani, wa rangi ya limau, akasikia kinachosemwa, akashindwa kujizuia, akacheka. Nilibonyeza kamera wakati huohuo. Nilijua hiyo ndiyo picha ya siku.

Siku mbili baadaye nikazipitisha picha zote kwenye ile programu mpya. Kitufe kimoja. Nikakagua jasho, nikakagua vitambaa, nikakagua macho, kila kitu safi. Nikachapisha albamu nikaipeleka.

Jumanne shangazi yake bibi harusi akaingia studio na albamu kwapani. Hakusalimu, na kwa mtu wa rika lake hilo tayari ni kesi. Akaifungua juu ya meza yangu kwenye ile picha ya siku.

"Mpiga picha, huyu ni nani?"

"Bibi harusi."

"Wa nani?"

"Wa kwenu, shangazi."

"Kwetu hatuna huyu! Mtoto wetu ana inyinya. Ya mama yake, na ya bibi yake. Watu wametoka mbali wameiomba mbele ya mahema mawili, wewe ukaenda kuiziba! Umeipeleka wapi?"

Nikainama nikatazama. Haki ya Mungu, mwanya haukuwepo. Meno yameshikana sawasawa kama vigae vya bafuni. Nikafungua ukurasa mwingine, vigae. Mwingine, vigae. Mama yake, vigae. Ile programu imetengenezwa na watu ambao kwao mwanya ni kasoro ya kupeleka kwa daktari wa meno, ikaona dosari, ikatibu familia nzima bila kuulizwa. Nami niliyekuwa pale hemani, niliyepiga makofi pamoja na wengine, sikuona kitu. Nilikuwa natafuta jasho.

Nikafungua mdomo nijitetee, na hilo likawa kosa la pili, maana shangazi akaniona.

"Loo! Na wewe mwenyewe unayo!" akasema. "Unayo hapo, unakula nayo, na huoni haya?"

Ni kweli ninayo. Mume wangu hukiri bila aibu kwamba ndicho kitu cha kwanza alichokiona kwangu, kabla hata hajajua kama nina miguu. Nilimwomba shangazi radhi kwa mikono miwili, nikamwahidi kurudia albamu yote kutoka picha halisi, bila kile kitufe. Nikamwagizia chai. Alipokunywa akalainika, akanionyesha mpaka inyinya yake mwenyewe, akaondoka akiniita mwanangu.

Nikabaki nimesimama na albamu mbovu mkononi. "Wa nani?" Hilo swali nililisikia wapi tena hivi karibuni?

Nikaenda nyuma ya pazia la kijivu nikageuza fremu. Nikaiweka mezani kando ya albamu, baba huku, bibi harusi huku. Meno yalikuwa yale yale. Simaanishi yamefanana. Ni yale yale, jino kwa jino, kama wamepeana, kijana wa Karagwe wa zamani na msichana wa Kigali wa juzi.

Sikufunga hata mlango. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Mama! Baba alikuwa na inyinya?"

Akaniangalia kama nimemuuliza iwapo ng'ombe ana pembe.

"Wewe ulidhani hiyo yako umeitoa wapi? Sokoni?"

"Hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Na mimi miaka yote nakuambia cheka nikuone. Ulidhani namtafuta nani humo?"

Nikakaa chini kwenye sementi. Mama akaendelea kuchambua, akasimulia huku anatupa mawe pembeni, kwa sauti ya kawaida kabisa. Siku ya picha, mwenye studio alimvisha baba lile koti akamwambia afunge mdomo, maana mtu wa heshima hapigi picha anacheka. Lakini mama, ambaye alikuwa amechumbiwa mwezi huohuo, alikuwa amesimama nyuma ya kamera anamfanyia sura za kuchekesha. Mwenye studio akaudhika. Baba akakataa kufunga. Akasema, anayeitaka picha ni huyo aliye nyuma yako, na anaitaka hivi.

"Sasa wewe unaniletea mwanamume aliyezibwa mdomo," mama akasema, "unaniambia mume wako huyu. Ningesemaje? Nikaona umehangaika, na mumeo kahangaika na mbao zake. Nikasema basi nisikuambie umeharibu, niseme tu simjui."

"Mimi nilidhani umemsahau."

"Nilijua unadhani hivyo. Ulianza kunipigia kelele kama mimi kiziwi."

Nilimshika miguu nikamwomba msamaha, na machozi yakaangukia maharage. Akanigonga kichwani kwa ncha za vidole. "Inuka huko, umekaa kwenye maganda."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, maduka yote yamefungwa, watu wako barabarani na majembe wanasafisha mitaro. Mume wangu alikwenda kwa niaba ya nyumba. Mimi na mama tukajifungia studio. Nikawasha ile programu ya nne, ya kijivu, ya bure, isiyosaidia kitu.

Mashavu na kidevu nilivipata kwa brashi ya kunakili: unachukua kipande kidogo cha ngozi kando ya jeraha, unakiweka juu ya jeraha, kisha unachukua kingine, hadi mkunjo unaanza kupungua. Ni kazi ya kutia viraka, mkono wote unauma. Lakini mdomo haukuwa na pa kuchukulia. Ulikuwa umeliwa wote. Meno ya baba hayakuwepo popote pale isipokuwa mahali pamoja.

Nikasogeza kiti changu kando ya dirisha, upande wa kushoto, mwanga ulikompigia baba. Nikaiweka kamera kwenye miguu yake mitatu, nikaiambia isubiri sekunde kumi, nikakaa. Nikajaribu kucheka. Mtu mzima akijiamuru kucheka anatoka kama anaumwa jino. Mara ya kwanza, mara ya pili, ovyo. Mara ya tatu nilimwona mama ameinuka kwenye kigoda chake, amejikongoja kwa miguu yake mibovu mpaka nyuma ya kamera. Akafumba jicho moja, akavuta masikio yote mawili, akatoa ulimi.

Mama yangu! Mwanamke ambaye kanisani anakataza watu kukohoa!

Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, na kamera ikachukua.

Nikautoa mdomo wangu kwenye picha, nikauondoa rangi, nikaupunguza makali ufanane na karatasi ya zamani, nikauweka chini ya pua ya baba. Mama akavuta kigoda akakaa karibu yangu, bega kwa bega. Hapo ndipo nilipoelewa ninachokihitaji. Zile programu nyingine zina haraka, zina majibu kabla hujauliza. Hii ya kijivu ilikaa kimya wakati mama anasema.

"Mdomo wa chini ulikuwa mnene zaidi. Ongeza. Hapo. Aa, umepitiliza, huyo sasa ni mjomba wake. Rudi."

Nikarudi.

"Jino la kulia lilipanda juu ya mwenzake kidogo. Kidogo tu. Liinue."

Nikaliinua.

Mtu aliyetia chumvi mara mbili kwenye mboga, asubuhi ileile alikuwa ameniuliza mara tatu ni siku gani leo. Na alijua jino lipi lilipanda, na kiasi gani. Kufikia wakati ambapo mume wangu alirudi na jembe begani na matope hadi magotini, mama alikuwa ameacha kunielekeza. Alikuwa ameuweka mkono kwenye kioo cha kompyuta, jambo ambalo kwa mtu mwingine yeyote ningepiga kelele.

"Haya," akamwambia aliyemo humo. "Umechukua muda, wewe."

Mume wangu akasimama mlangoni akaangalia kioo, akaniangalia mimi, akaangalia kioo tena. "Iko wewe," akasema polepole. Kisha akatoa kijana wa vigae kwenye fremu, akapima, akasema safari hii vipimo vyangu ni sahihi. Mama alinipa ile picha ndogo niitunze mahali isipokunjwa. Kwenye pindo la kanga yake sasa hukaa peremende.

Wapiga picha wenzangu wakiniuliza wanunue ipi, siwapi jibu moja. Ya harusi naitumia kwa harusi. Ya tano ninayo bado, ila kwanza namwomba mteja acheke, naandika kwenye daftari kila kisichoguswa: inyinya, kovu la nyusi, alama ya kuzaliwa. Na ya kijivu nimeacha kuitukana.

Daktari hakukosea. Mama anazidi kusahau. Picha imetundikwa ukutani mbele ya kiti chake, na zipo asubuhi naingia na chai, ananitazama kwa ile adabu ya wageni. "Karibu," ananiambia. "Wewe ni wa nani?"

Zamani ningemtajia jina langu, ningepaza sauti, ningelia. Siku hizi naweka chai chini, nasimama chini ya picha, nacheka, vizuri, mpaka meno yaonekane. Anatazama juu. Ananitazama mimi. Anatazama juu tena.

"Aa," anasema, ananisogezea kigoda. "Wa kwetu. Kaa."